Nilianika Nyongo Dirishani

Wadogo zangu wa maabara, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru. Mtu asiye na pa kuwahi mmempa saa, na sasa inanionyesha nimechelewa hata nikiwa kitandani. Mkaniomba pia niandike mambo ya kazi, "mzee tuachie chochote." Haya, chochote chenyewe ndiyo hiki. Mwandiko wangu mnaujua, mmeusoma miaka yote kwenye lebo za vikopo, kwa hiyo msianze kulalamika leo.

Vyeo sitavisema kwa sababu havijazi hata mstari. Niliingia mhudumu wa maabara, nikatoka mhudumu mwandamizi wa maabara. Uandamizi maana yake ni ufagio ule ule, ila sasa unajua umewekwa wapi. Shule niliishia kidato cha pili, na hicho cha pili chenyewe tuligawana nusu kwa nusu mimi na shamba la kahawa la baba. Shamba lilipata nusu kubwa.

Hospitalini sikuja kuomba kazi. Nilikuja kumchukua mjomba aliyekuwa ameruhusiwa. Mjomba hakuwa tayari, alikuwa anabishana na nesi juu ya shuka, basi nikakaa kwenye ngazi za maabara kumsubiri. Akatoka mzee mmoja amevaa koti jeupe lililopigwa pasi mpaka linaweza kusimama lenyewe. Akaniangalia mikono, si uso, mikono. Akaniuliza kama naweza kuosha chupa. Nikasema naweza. Kumbe muosha chupa wake alikuwa amevuka Tunduma kwenda kutafuta maisha Zambia, na maisha ameyapata hukohuko. Mjomba alirudi nyumbani peke yake. Mimi nikabaki miaka thelathini kasoro kidogo.

Huyo mzee ndiye Mzee Silwimba, mkuu wa maabara, aliyenifundisha kila ninachokijua, na kila ninachokijua alinifundisha kwa amri. Sababu hakutoa. "Osha mara tatu." Unaosha. Ukiuliza kwa nini mara tatu, anasema, "Haya, mara nne." Nikaacha kuuliza.

Siku ya kwanza aliniambia niwashe taa ya spiriti. Mezani palikuwa na viberiti vitano vimepangwa mstari. Nikawaza, hospitali tajiri hii. Nikafungua cha kwanza. Ninyi mmekuta vikopo vya plastiki vyenye mfuniko, hamjui kwamba enzi zile choo cha mgonjwa kilikuja maabara ndani ya kiberiti. Nikafungua na cha pili, nikidhani cha kwanza ni bahati mbaya. Mzee alikuwa ananitazama kwa muda wote. "Humu ndani kila kitu ni cha mtu," akasema. "Uliza kwanza, ndipo ufungue."

Maabara yenyewe si hii yenu yenye vigae. Ni ile ya zamani, ambayo sasa mnatunzia magodoro. Wamisionari wa mwanzo waliijenga kama kikanisa, ndiyo maana ina dirisha moja kubwa la fahari upande ambao jua la kipupwe hukaa tangu asubuhi mpaka saa nane mchana. Dirisha lilikuwa na vioo vitatu virefu. Kushoto bluu. Kulia chekundu. Cha katikati kilikuwa cha rangi pia zamani, kikavunjika, wakaweka cha kawaida cheupe. Meza ya kazi ilikaa hapo chini, kwa sababu darubini yetu haikuwa na balbu, ilikuwa na kioo kidogo cha kukamatia jua. Mawingu yakija, malaria inapumzika.

Mashine ya kuzungusha damu ilikuwa ya mkono. Unafunga vichupa, unazungusha mpini kama unasaga nyama, unahesabu kimoyomoyo mpaka damu nyekundu inakaa chini na seramu, yale maji ya njano, yanabaki juu. Mashine iliyotaka umeme ni moja tu, kolorimita, ile ya kupima rangi, yenye sindano inayotembea kwenye namba. Umeme ulikuwa wa jenereta, na jenereta iliwashwa saa tano asubuhi, si kabla. Kwa hiyo damu za wodini zinakuja saa moja, unazungusha, unatenga seramu, halafu vichupa vinasubiri umeme. Vilisubiri wapi? Ndani ya kabati la mbao nene lenye mlango unaolia kama mbuzi. Amri ya mzee. Sababu, kama kawaida, hakutoa.

Kati ya vipimo vya seramu kimoja kilikuwa cha bilirubini, ile rangi ya njano ya nyongo. Ninyi mnaijua kwa vitabu, mimi nawaambia nilivyoielewa. Damu ikizeeka inavunjika na kuacha rangi hiyo, ini linaichukua na kuitupa. Kichanga, ini lake ndiyo kwanza linajifunza kazi, kama mimi na vile viberiti, kwa hiyo rangi inarundikana na mtoto anageuka njano. Kidogo si neno, karibu kila mtoto anapitia. Ikizidi, yaani ikikaribia ishirini kwenye mashine yetu, inapanda kichwani, na ubongo ukishakaliwa na nyongo hakuna wa kuiambia itoke. Hapo mtoto anakufa, au anabaki bila kusikia, bila kushika shingo.

Mwaka wangu wa tatu au wa nne, Mzee Silwimba akaitwa semina Mbeya, wiki tatu. Akaniachia funguo. Vipimo vile vichache nilikuwa navijua, akaniambia nisiguse kingine. Naomba mnielewe, kijana wa kidato cha pili na funguo za maabara mfukoni. Nilitembea mpaka sokoni Mlowo nikizichezesha ili zilie.

Na Mlowo ndiyo iliyoniponza. Miaka hiyo maduka yalikuwa yameanza kujaa tena. Ninyi hamkuiona ile miaka ya nyuma yake, duka zima lina chumvi, viatu vya raba vya mguu mmoja na mwenye duka anasinzia. Sasa bidhaa zinaingia, na kila mwenye duka anapanga soda dirishani, nyekundu, kijani, ya chungwa, jua linapita ndani ya chupa, watu tunasimama nje tunatazama tu, hata bila kununua. Nilidhani hakuna kitu kizuri duniani kuliko chupa dirishani.

Nikarudi maabara, nikalitazama kabati la mzee. Linafanana na jeneza. Nikajiambia, biashara imefunguliwa nchi nzima, sisi tunaficha mali. Nikatoa kibao cha matundu, nikapanga vichupa vyangu vya seramu juu ya kizingiti cha dirisha, vimekaa mstari kutoka kioo cha bluu mpaka chekundu. Vikawaka. Nesi wakipita nje wanasimama. Mmoja akasema pamependeza. Nikavianika hapo kila siku, tangu saa moja mpaka umeme uje.

Wiki ya pili akajifungua binti mmoja wa Nanyala, Ester Nambeye. Huyu Ester alikuwa amekwisha kuzaa mara moja, nyumbani, na yule wa kwanza aligeuka njano siku ya tatu, akaacha kunyonya, akakakamaa mgongo kama upinde, siku ya saba wakamzika. Kwa hiyo safari hii alikuja hospitali mapema na mama mkwe wake, na kila asubuhi alikuwa anamfunua mtoto mlangoni kumtazama rangi. Siku ya tatu akaiona. Hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwa mkunga akamwambia, "Imekuja tena."

Mkunga wetu alikuwa Mama Mwazembe, mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe mlima wa pili. Alikuwa na kipimo chake mwenyewe, kidole gumba. Anabonyeza ngozi ya mtoto, anaachia, anaangalia rangi inayobaki, kuanzia puani kushuka chini. Kwa mtoto wa Ester njano ilikuwa imefika magotini. Akaleta damu kwangu. Nikaizungusha, nikaianika, saa tano nikapima. Sindano ikasimama kwenye nane. Nikaandika nane, kwa mwandiko mzuri.

Dokta Kibona, daktari wetu kijana, akasoma nane akasema si mbaya, tungoje. Kesho yake njano imefika nyayoni. Damu nyingine, dirisha lile lile, nikapima, tisa. Dokta akasema karatasi inaonyesha mtoto anaendelea vizuri. Na hakuwa na kosa, alifundishwa kuamini karatasi. Mama Mwazembe yeye hakufundishwa. Alikuja maabara akasimama mlangoni, akaujaza mlango wote.

"Laza, hiyo mashine yako inakunywa pombe?"

Nikamwambia kwa heshima zote kwamba mashine haina kosa.

"Basi anayekunywa ni wewe. Mtoto mguu wake ni kama ndizi mbivu, wewe unaniandikia tisa."

Siku ya tano asubuhi akaleta damu ya mtoto yule kwenye vichupa viwili. Akasema kimoja cha kupima, kingine cha mimi kupoteza. Nikacheka kwa adabu. Kibao kilikuwa kimejaa, matundu mawili tu yamebaki, moja pale katikati kwenye kioo cheupe, lingine mwisho kabisa, kulia, kwenye kioo chekundu. Nikaweka kimoja hapa, kimoja kule.

Saa tano jenereta ikawaka. Nikapima cha katikati, tisa. Nikapiga mluzi. Nikapima cha mwisho. Sindano ikapita kumi, ikapita kumi na tano, ikasimama ishirini na mbili.

Nikajua nimechanganya watu. Nikarudia, tisa na ishirini na mbili. Nikaosha vichupa mara tatu, nikarudia tena kwa masalio, ikawa vile vile. Ndipo nikachukua kilichobaki cha vyote viwili nikasogea nacho mlangoni, mbali na lile dirisha, kwa sababu mbele ya kioo chekundu kila kitu kinaonekana chekundu na nilikuwa sijawahi kuvitazama nje yake. Kile cha kulia kilikuwa njano nzito, kama samli. Kile cha katikati kilikuwa kimepauka kama maji ya kuoshea mchele. Damu ya mtoto mmoja, asubuhi moja. Tofauti yake kioo tu.

Nilielewa mambo mawili kwa mpigo. Kwamba jua lilikuwa linakula kipimo changu, na kwamba kabati la mzee lilikuwa na sababu.

Sasa nitawaambia ukweli ambao sikuusema siku ya kuagwa. Nilikaa kwenye kiti. Sikukimbia mara moja. Niliwaza kwamba ningeweza kuandika ishirini na mbili kimya kimya, watasema ugonjwa umepanda leo, na mimi nibaki na funguo zangu. Lakini wakisema umepanda leo, dokta atahesabu kama mtoto ameanza leo, na mtoto hakuanza leo. Nikainuka, kichupa mkono huu, kichupa mkono huu, nikakimbia uwanja mzima kama mtu anayekimbiza yai kwenye kijiko.

Mama Mwazembe na dokta walikuwa kwenye korido. Nikasema, "Mashine haijakosea. Mimi ndiye niliyekosea. Nimekuwa naianika damu dirishani, jua limeifuta. Ya kweli ni hii hapa, ishirini na mbili, na ya jana na juzi zote ni uongo."

Nilingoja kofi. Mama Mwazembe alikuwa na mkono wa kutosha. Akanitazama tu, akageuka akaingia wodini. Dokta yeye aliuliza swali ambalo sikulitegemea. "Kioo kipi?"

Nikamwambia cheupe kimefuta, chekundu hakijafuta. Akauliza vile vilivyokaa kwenye bluu. Tukaenda wote maabara, tukavitoa vichupa vya wagonjwa wengine vilivyokuwa kwenye bluu, tukavitazama mlangoni. Vimepauka pia. Dokta akakaa juu ya meza yangu, jambo ambalo Mzee Silwimba angemfukuzia.

Alinieleza kwa mfano wa redio, kwa sababu aliona uso wangu. Mwanga, alisema, ni mawimbi kama ya redio, ila mafupi mno. Mwekundu ni wimbi refu, bluu ni fupi, zambarau fupi zaidi, na jua jeupe ni stesheni zote zinasema kwa pamoja. "Nyongo ni redio iliyokwama," akasema. "Inakamata bluu tu. Ndiyo maana tunaiona njano, inameza bluu na kututemea iliyobaki. Ikishaimeza, inajipinda umbo." Kioo chekundu kinaizuia bluu isipite, kwa hiyo redio ikakaa kimya na nyongo ikabaki nzima. Kioo cha bluu na cheupe vinaipitisha. Kwenye kichupa nyongo inavunjika na kupauka. Kwenye ngozi ya mtoto inajipinda, na ikijipinda inayeyuka kwenye maji, inatoka kwa choo na mkojo bila kulisubiri ini.

Nikauliza, "Kwa hiyo dokta, hilo dirisha lililotudanganya..."

"Ndilo tutakalomlaza," akasema.

Gari la hospitali lilikuwa safarini, na Mbeya ndiko kulikokuwa na vifaa vya kumbadilisha mtoto damu. Dokta akaweka mpaka, kwamba ikifika kesho asubuhi namba haijashuka, tunasimamisha lori lolote barabarani tunakwenda. Tukaondoa darubini mezani, tukatandika. Mtoto akalazwa uchi, nepi tu, kitambaa machoni, nyuma ya kioo cha bluu na cheupe, chupa za maji ya moto pembeni maana mnaijua baridi ya Mbozi mwezi wa sita. Anageuzwa kama chapati, ananyonya kila mara. Upande wa kioo chekundu tukamweka mama mkwe, kwa kuwa hakuwa na faida ya kuangaziwa. Bibi yule aliona tumechanganyikiwa. Kwao mtoto mchanga anavikwa mpaka anaonekana pua. Mara mbili tulimkuta amemfunika blanketi zito kwa siri.

Ester aliniona mimi nilivyokuja mbio na vichupa, akaona kila kitu kimebadilika baada ya hapo. Akaniuliza, "Kaka, kwani jana ilikuwaje wakasema kidogo?"

Nikamwambia mashine ilikuwa na tatizo.

Hilo ndilo neno nililomwambia. Mashine. Halafu nikaondoka haraka kwa sababu dokta alinituma Tunduma. Jua lingeondoka saa nane na tulihitaji taa. Maagizo yalikuwa haya: tyubu za bluu za futi mbili, ambazo mwanga wake wenyewe ni bluu, si zilizopakwa rangi. Nikikosa, nyeupe. Zambarau hapana kabisa, wimbi lake ni fupi mno, linaunguza ngozi na kuumiza macho.

Nikadandia lori la mahindi Mlowo. Tunduma ile mnayoijua, kila kitu kipo ukimpata mwenye nacho. Nikaelekezwa kwa mama mmoja Mbemba aliyekuwa anauzia mabaa taa za kutoka ng'ambo. Nikamwamkia, "Mwapoleni mukwai," ndiyo Kibemba changu chote hicho. Akatoa zambarau, akaichomeka, shati langu likawaka kama mbalamwezi. Ndugu zangu, niliipenda. Nilisimama pale nikijitazama mikono.

Akauliza nafungua baa wapi. Nikasema si baa, ni ya mtoto.

"Mtoto gani anacheza disko?"

Nikamweleza. Akaizima zambarau, akaingia ndani, akakaa sana mpaka nikadhani amenikasirikia. Akatoka na mbili za bluu na nne nyeupe, amezifunga kwenye chitenge chake mwenyewe ili zisivunjike. Chitenge hakukitoza. Nilirudi juu ya magunia nimezikumbatia kama bibi harusi, na kila shimo la barabara nalikumbuka kwa jina.

Fundi wa jenereta alizifunga kwenye ubao juu ya kitanda jioni ile ile, na jenereta ikapewa dizeli ya akiba. Asubuhi ikaja kazi yangu. Damu ya mtoto ilipofika niliizungusha pembeni kabisa ya chumba, nikavifunga vichupa kwa karatasi nyeusi inayokuja na filamu za eksirei, nikaviweka ndani ya kabati, nikafunga mlango, nikasimama mbele yake kama mlinzi wa benki. Nikapima mara tatu. Kumi na tisa.

Imeshuka. Lakini bado ni nyingi, bado hatari. Na hapo ndipo palipokuwa na mtihani wenyewe, kwa sababu mtoto alikuwa anaonekana mzima. Taa inasafisha ngozi kwanza, ndani nyongo bado imejaa. Usoni amekuwa mweupe, nyayo zimetakata. Mama mkwe akaanza kufunga mzigo. Kahawa inaiva shambani, watu wa kuchuma hawatoshi, na mtoto amepona, kila mwenye macho anaona. Karatasi za hapa, akasema, juzi zilisema mzima wakati mgonjwa, leo zinasema mgonjwa wakati mzima.

Alikuwa na haki yote.

Mama Mwazembe alimbonyeza mtoto kwa gumba lake, pua, tumbo, goti. Akaninong'oneza, na sauti yake ya kunong'ona inasikika mpaka getini. "Taa yenu imeniharibia macho, Laza. Sioni kitu. Safari hii ni wewe tu."

Ester alikuwa ameketi kwenye kiti changu, mtoto kifuani. Akaninyanyulia macho. "Kaka, hii namba ni ya kweli?"

"Hii ni ya kweli," nikasema.

Akanitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. Halafu akamwambia mama mkwe, taratibu, kwamba kahawa ichumwe na watakaopatikana. Akamrudisha mtoto chini ya taa.

Kesho yake kumi na nne. Keshokutwa kumi. Siku waliyoruhusiwa mtoto alilia kwa nguvu mpaka Mama Mwazembe akasema amempata mrithi wa sauti. Kwenye daftari nilikuta vichanga wengine wawili niliowaanikia damu wiki zile. Tuliwafuata kwa miguu, Mama Mwazembe na mimi, tukawakuta wanene na wazima. Njia nzima hakunisema. Ningependa angenisema.

Mzee Silwimba aliporudi nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Akasikiliza, akaenda kwenye kabati, akafungua mlango, ukalia. Akaufunga, ukalia. "Ulidhani mlango huu wa nini?" Basi. Nikasubiri amri ya kuondoka, haikuja. Ila tangu siku hiyo akianza kuniamuru kitu alikuwa anasimama kidogo, anakohoa, anaongeza sababu moja. Ilimuuma, lakini aliongeza.

Mengine mnayajua. Zile tyubu zilitumika miaka, tukazibadilisha kila zinapochoka, maana nilijifunza kwamba tyubu inaweza kuwaka na kuonekana nzima huku bluu yake imekwisha nguvu, kama watumishi wengine tunaowafahamu. Siku hizi mna taa ndogo, bluu tupu, haina joto, mtoto anaonekana kama amelala ndani ya simu. Ni mambo yale yale ya redio. Tulichukua kila stesheni tukitafuta moja, ninyi mmenunua hiyo moja.

Ester naye alikuwa analeta maharage. Kila msimu, debe moja, kutoka Nanyala, kwa jina langu. Mtoto alipewa jina la kwanza la dokta, Ambakisye. Aliyefuata, wa kike, akapewa la mkunga. Nikangoja zamu yangu. Akafunga uzazi. Lakini maharage hayakukoma, na mimi niliyala, ndugu zangu, miaka zaidi ya ishirini niliyala maharage ya shujaa huku najua shujaa mwenyewe alifanya nini. Mwaka mmoja tu yalikuja na wadudu, yametobolewa karibu yote. Nikalaumu ghala. Huyo Ambakisye sasa anaendesha pikipiki ya abiria kwenda Galula, anapakia wachimbaji watatu kwa mpigo na gunia juu. Ubongo tuliouhangaikia vile angeutumia vizuri zaidi, lakini ndiyo yeye, anasikia, anaona, anadai nauli.

Siku mliyoniaga alimleta mama yake kwa pikipiki hiyo, na debe katikati. Ninyi mlikuwa mnagombania kichwa cha mbuzi, hamkuona nilipomvuta Ester pembeni, karibu na lile dirisha la zamani. Nilikuwa nimelala na neno lile siku nyingi mno.

"Mama Amba," nikasema, "siku ile mashine haikuwa na tatizo. Mimi ndiye niliyeianika damu ya mwanao hapo dirishani."

Akaendelea kunywa soda yake. "Najua."

"Unajua?"

"Mama Mwazembe aliniambia siku ile ile, kabla hujapanda lori. Ndiyo maana ile namba nilikuuliza wewe, sikumuuliza dokta. Nilitaka nikuone usoni."

Nikabaki nimeshika saa yenu ya ukutani kifuani kama ngao. Nikamuuliza, na maharage ya miaka yote hii ni ya nini.

"Aliyekosea wewe, aliyerudi mbio kusema wewe. Ningempelekea nani mwingine?" Akafuta mdomo kwa pembe ya kitenge. "Ila ule mwaka wa yale yenye wadudu, nilikuwa nimeikumbuka ile nusu ya kwanza."

Nilipofika nyumbani sikutundika saa. Nilimwaga debe zima kwenye ungo, nikakaa mlangoni kwenye mwanga, nikayachambua moja moja mpaka la mwisho. Hayakuwa na mdudu hata mmoja.